Ukifika kisiwani, agiza kahawa hivi

Likizo ya Agosti au ya Desemba ikikaribia, maswali yanayonifikia kutoka Kitengela, Isinya, Kajiado mjini na Namanga huwa ni yale yale. Familia imekata tiketi ya Lamu. Chama cha akina mama kimechanga pesa za kwenda Unguja. Walimu wanapanda treni kwenda Mombasa. Wote wanauliza: tukitaka kahawa tuseme nini? Mbona mwaka jana niliomba kahawa nikaletewa maji ya moto na mkebe? Mbona ile ya vichochoroni ni chungu vile? Na vile vikombe, husafishwa vipi?

Nayajibu yote hapa. Sisi wa Kajiado tumelelewa na chai ya maziwa, na wengi wetu kahawa tunaionja mara moja moja, tena ikiwa na povu juu. Pwani kahawa nyeusi ni kinywaji cha kila siku cha mvuvi, fundi na mzee wa msikiti, na imekuwa hivyo tangu enzi za majahazi na biashara ya Uarabuni. Mgeni anayelijua hilo hunywa kahawa nzuri kwa sarafu. Asiyelijua hulipa noti kwa kahawa ya unga.

## Kuna kahawa tatu, usizichanganye

- Kahawa ya dele. Nyeusi, kali, haina maziwa, mara nyingi haina sukari. Huchemshwa kwenye chombo cha shaba chenye mdomo mrefu, makaa yakiwa chini yake, na huuzwa nje: barazani, sokoni, karibu na msikiti. Mombasa utasikia ikiitwa kahawa tungu.
- Kahawa ya mashine. Espreso, kapuchino, late na jamaa zake. Iko kwenye hoteli za watalii na migahawa iliyojengwa kwa ajili ya wageni.
- Kahawa ya mkebe. Unga unaoyeyuka kwenye maji ya moto. Hii ndiyo utakayoletewa kwenye mikahawa mingi midogo ukisema tu "kahawa ya maziwa". Unguja mkebe huo kwa kawaida ni Africafé, inayotengenezwa Bukoba.

Karibu kila lalamiko ninalolisikia limetokana na mtu kutaka mojawapo mahali pa nyingine. Usimwombe muuza kahawa wa barabarani kapuchino. Usitarajie dele kwenye hoteli ya ufukweni yenye bwawa la kuogelea. Na ukiwa kwenye mkahawa mdogo wa wali na samaki, uliza kabla hujaagiza: "Kahawa yenu ni ya kuchemsha au ya mkebe?" Hakuna atakayekasirika. Wakisema ya mkebe, na wewe hupendi ya mkebe, agiza chai. Chai ya mikahawa hiyo kwa kawaida ni nzuri, hasa yenye tangawizi na iliki.

## Kahawa ya dele, hatua kwa hatua

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hii ndiyo kahawa ya kisiwa hasa, na ndiyo inayowatia wageni wasiwasi. Buni hukaangwa hadi ziive sana, hutwangwa au kusagwa, kisha huchemshwa muda mrefu, mara nyingi na tangawizi. Haichujwi. Unga hutulia wenyewe chini ya dele, na muuzaji hulishika dele kwa utaratibu ili asiuvuruge.

1. Mtafute kwa saa zake. Muuza kahawa hakai siku nzima. Yuko alfajiri watu wakitoka msikitini, yuko tena baada ya swala ya alasiri, kuanzia kama saa kumi jioni, na wengine huendelea hadi usiku baada ya isha. Ukitoka saa sita mchana ukamkosa, usiseme hakuna kahawa mjini. Wengine hutembea wakigonganisha vikombe mkononi. Ukisikia mlio huo kichochoroni, mfuate.

2. Salimu kwanza. Sisi wa bara tuna haraka, na Pwani hiyo haraka husikika kama dharau. Mzee mwamkie "Shikamoo", naye atakuitikia "Marahaba". Wenye rika lako, "Habari za jioni" inatosha. Asubuhi ukisema "Sabalkheri" na jioni "Masalkheri" utaitikiwa kwa furaha. Ukikuta watu wamekaa barazani, wasalimie wote, si muuzaji peke yake.

3. Omba kwa upole. Sema "Nitilie kimoja, mzee" au "Naomba kahawa, ami". "Leta kahawa" ni amri, hata ukiisema ukitabasamu. Na ile "nisaidie na kahawa" tunayoisema Kitengela wataielewa, ila "nitilie" ndiyo lugha ya hapo.

4. Pokea kwa mkono wa kulia. Kikombe ni kidogo, hakina mkono, nacho ni moto. Kishike juu karibu na ukingo kwa kidole gumba na cha shahada. Ukikibana katikati utaungua.

5. Kunywa kwa mafundo madogo, kahawa ikiwa moto. Ikipoa uchungu wake huzidi.

6. Acha tone la mwisho. Chini kuna mashapo. Usitikise kikombe wala kukoroga.

7. Ukitosheka sema. "Ahsante, yatosha" inatosha. Waliofanya kazi Oman au Dubai wamezoea kukitikisa kikombe kuonyesha wametosheka. Huku kwetu tumia maneno, usije ukaongezewa.

8. Lipa mwisho, kwa sarafu. Muuzaji huhesabu vikombe vyako, nawe pia hesabu. Usimpe noti ya 1,000 kwa kikombe kimoja. Hana chenji, na utamfanya aache dele akatafute.

Jambo moja la ziada. Ukikaa barazani huenda ukaambiwa kahawa yako imeshalipiwa na mtu. Usibishane, wala usimrudishie pesa palepale. Shukuru, na kesho yake mlipie mwingine.

## "Lakini mimi siwezi kitu kichungu"

Unaweza, ukiinywa na kitu kitamu. Wenyeji hawaongezi sukari ndani kwa sababu utamu uko mkononi: tende, halwa, au kashata ya nazi au ya njugu. Unamega kidogo, unatafuna, halafu unapiga fundo. Uchungu ukikutana na utamu mdomoni, kahawa inabadilika kabisa. Mara nyingi kashata huuzwa hapohapo. Halwa inunue dukani mapema, robo kilo inatosha familia.

Ukitaka sukari, uliza kama ipo. Si kosa kuuliza. Baadhi ya wauzaji huwa nayo, wengine hawana. Maziwa usiulize, na usije na pakiti yako ukamimina.

Anza na kikombe kimoja. Ni kidogo, ndiyo, lakini kahawa yake ni kali kuliko ya mkebe uliyozoea, na mtu wa chai akinywa vitatu mfululizo saa mbili usiku ataisikia adhana ya alfajiri akiwa macho.

## Je, vikombe ni safi?

Swali la haki. Wauzaji wengi wana vikombe vichache na ndoo ya maji ya kusuuzia. Kahawa yenyewe imechemka, kwa hiyo wasiwasi uko kwenye kikombe. Fanya hivi:

- Tazama kabla hujaagiza. Maji ya ndoo yakiwa machafu, pita.
- Chagua muuzaji mwenye wateja wengi wa hapohapo.
- Omba kwa adabu: "Nisuuzie kwa maji ya moto, tafadhali." Wengi watakubali.
- Au beba kikombe chako kidogo kutoka nyumbani. Wenyeji wenyewe huja na chupa ya chai wakajaziwa kahawa ya kupeleka nyumbani, kwa hiyo hakuna wa kukushangaa.

Kwa mtoto au mtu mwenye tumbo jepesi, beba kikombe.

## Akina mama wanauliza: barazani tutakaa?

Nijibu bila kuzungusha. Baraza za kahawa za Mji wa Kale wa Mombasa, Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja ni mahali pa wanaume kwa sehemu kubwa, na mwanamke mgeni akikaa katikati yao huenda yeye mwenyewe asistarehe. Hilo halimaanishi kahawa imekupita. Unaweza kununua na kunywa ukiwa umesimama kando, na ukiwa na mume au ndugu zako ni rahisi zaidi. Jioni, sehemu za wazi za baharini, kama bustani ya Forodhani Unguja au ufukwe wa mji wa Lamu, huwa na familia nzima nzima. Njia ninayoipenda kwa chama cha akina mama ni ile ya chupa: jazeni chupa moja, nunueni halwa, mkakae mahali penu pa kutazama bahari.

Mavazi nayo yana uzito wake. Kaptura fupi na nguo za kuogelea ni za ufukweni. Mjini jisitiri, wanaume kwa wanawake.

## Mkisafiri wakati wa Ramadhani

Angalieni kalenda kabla ya kukata tiketi, maana Ramadhani huja mapema zaidi kwa siku 10 au 11 kila mwaka. Mchana dele halipo, na hata ukiwa na kahawa yako usiinywe barabarani. Unguja watu wamewahi kukamatwa kwa kula hadharani mchana wa mwezi huo. Kwenye hoteli za watalii wageni hupewa chakula na vinywaji ndani, pasipo macho ya watu. Subira hiyo ina malipo: baada ya futari na tarawehe miji hii huamka upya, na kahawa ya usiku wa Ramadhani, kwa maoni yangu, hakuna inayoishinda.

## Kahawa ya mashine: eleza, usitaje jina tu

Majina ya kwenye orodha hayamaanishi kitu kile kile kila mahali. Late ya mkahawa mmoja ni kapuchino ya mwingine. Kumbuka haya: espreso ni fundo dogo kali, la kama mililita 30, amerikano ni espreso iliyoongezwa maji ya moto, kapuchino ina maziwa na povu jingi, late ina maziwa mengi zaidi na povu kidogo. Kisha uliza:

- "Mashine inafanya kazi leo?" Visiwani stima hupotea, na chumvi ya bahari huharibu vyuma. Mashine ikiwa imelala, wengine watakutengenezea ya mkebe bila kukuambia.
- "Maziwa ni gani?" Mtu wa Kajiado atalihisi hili kuliko wengine wote. Lamu si nchi ya ng'ombe kama kwetu. Mara nyingi utapewa maziwa ya pakiti yanayokaa muda mrefu, au ya unga. Kama huyapendi, chukua amerikano.
- "Barafu ni ya maji gani?" Hii ni kwa wanaotaka kahawa baridi. Iwe ya maji ya chupa au yaliyochemshwa, la sivyo agiza ya moto.
- "Bei ni ngapi kwa shilingi?" Uliza kabla.

Kuhusu bei, wengi hushtuka Unguja wakiona kahawa imeandikwa 8,000. Hizo ni shilingi za Tanzania. Kwa viwango vya miaka hii ya karibuni, shilingi moja yetu hubadilishwa kwa karibu 20 za kwao, kwa hiyo hiyo 8,000 ni kama 400 yetu, bei ya mgahawa mzuri wa Nairobi. Gawanya kwa 20 kisha uamue.

## Kisiwa kwa kisiwa

Mombasa. Wengi husahau kwamba ni kisiwa. Treni ya asubuhi inayosimama stesheni za njiani huchukua abiria Athi River, na wa upande wa Oloitoktok huipandia Emali. Utashuka Miritini, ambako ni bara, na bado una safari ya kuvuka Makupa kuingia kisiwani. Mkishafika, nendeni Mji wa Kale jioni. Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593, iwe alama yenu. Vichochoro vya nyuma yake ndiko kahawa iliko. Hapa ndipo pa kujifunzia dele: watu wamezoea wageni wa bara na M-Pesa inasaidia, japo sarafu za 5, 10 na 20 bado ndizo bora.

Lamu. Kwa ndege utatua Manda. Kwa basi utafika Mokowe. Kote huko utamalizia kwa boti. Uwanja ulio mbele ya ngome, iliyokamilika 1821, ndio moyo wa mji. Wazee hukaa hapo na kahawa haiko mbali. Shela ina hoteli za kitalii, kwa hiyo mashine utaipata huko kwa urahisi zaidi kuliko katika mji wenyewe. Kama una siku mbili tu, fanya hivi: asubuhi kahawa ya mashine Shela kama huwezi kuishi bila maziwa, jioni dele mjini. Ijumaa kumbuka maduka mengi hufungwa adhuhuri, watu wakienda kuswali.

Unguja. Sisi wa Kajiado tuna bahati ya njia: Namanga iko ndani ya kaunti yetu. Unavuka mpaka, unapita Arusha na Moshi, unafika Dar es Salaam, unapanda boti ya kasi ya takriban saa mbili. Beba pasipoti na kadi ya homa ya manjano. Badilisha pesa mapema. M-Pesa ya Kenya isiwe tegemeo lako kwenye dele. Njiani, Moshi, simama unywe kahawa ya mteremko wa Kilimanjaro. Wakulima wa huko walijenga chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, tangu 1933, na kahawa yao isiyo na maziwa itakuandaa kwa yale yajayo.

Mjini Unguja, kituo kinachojulikana cha baraza ya kahawa ni Jaws Corner, ndani ya Mji Mkongwe, pale vichochoro vinapokutana. Watu hunywa, hucheza bao na keram, na huzungumza siasa. Sikiliza, furahi, lakini usiingie kwenye ubishi wa vyama vya nchi ya watu. Na simu iweke mfukoni mpaka uombe ruhusa ya kupiga picha.

## Makosa ninayoyasikia kila mwaka

- Kuagiza dele kupitia hoteli. Mhudumu atamtuma mtu nje, kahawa itafika imepoa, na bili itapanda. Tembea mwenyewe.
- Kumfuata kijana anayeahidi kukupeleka "kwenye kahawa ya asili". Kahawa ya dele iko wazi barabarani, haina haja ya kuongozwa.
- Kukataa kikombe cha kwanza kwa sura iliyokunjamana. Ukishindwa, kishike, shukuru, uzungumze. Hakuna anayekulazimisha kumaliza.
- Kudai kikombe kikubwa. Vikombe vidogo ndivyo kipimo. Ukitaka zaidi, ongeza.

## Wenye presha, wajawazito na wasiolala

Mwenye presha au matatizo ya moyo amuulize daktari wake kabla ya safari, maana hii si kahawa nyepesi. Kwa wajawazito, Shirika la Afya Duniani linashauri wanaotumia zaidi ya miligramu 300 za kafeini kwa siku wapunguze. Na kwa kuwa kahawa ya dele haina kipimo kilichoandikwa popote, kikombe kimoja kidogo kwa siku, tena si usiku, ndicho ningekiona cha busara. Waliobaki, anayejijua usingizi wake ni mwepesi anywe alasiri na asirudie usiku.

## Kuinunua na kuipika Kitengela

Usinunue kahawa kwenye kikapu kizuri cha ukili kabla ya kunusa kilichomo. Pakiti nyingi za "kahawa ya viungo" zimekaa rafuni zikisubiri mtalii, na harufu imekwisha. Nenda sokoni au kwa msagaji, nunua buni zilizokaangwa karibuni, usagiwe ukiona. Iliki na mdalasini nunua pembeni, uchanganye mwenyewe.

Dele nalo, kama unalitaka, uliza waziwazi: "Hili ni la kupikia au la pambo?" Mengi yanayong'aa madukani ni ya kuwekwa kabatini, na chombo cha pambo hakifai kuchemshia kinywaji. La kupikia linunue kwa fundi anayewauzia wauza kahawa wenyewe.

Bila dele, sufuria inatosha. Kwa nusu lita ya maji:

1. Ponda tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba na iliki tatu, chemsha dakika tano.
2. Tia vijiko vitatu vya mezani vya kahawa, vilivyojaa. Punguza moto kabla haijafurika.
3. Iache itokote polepole dakika kumi.
4. Epua, funika, ngoja dakika tano itulie. Mimina taratibu, usikoroge.

Maji ndiyo yanayowaangusha wengi. Visima vingi vya Kitengela vina chumvi, na kahawa nyeusi haifichi ladha ya maji kama chai ya maziwa inavyoficha. Tumia maji ya mvua yaliyokingwa vizuri na kuchemshwa, au ya chupa, na uijaribu hivyo kabla hujasema kahawa uliyouziwa Lamu ilikuwa mbaya.